Panda Shuka kwa Miguu

Mama yangu mzazi alikaa kwetu wiki tatu, na wiki zote tatu alipanda ngazi. Tunaishi ghorofa ya tisa. Jengo lina lifti, na fundi wa hiyo lifti ni mimi.

Kinyozi akitembea na nywele timtim watu watamcheka, lakini watamcheka kidogo tu. Mimi mama yangu alikuwa anashuka ngazi zote kila asubuhi, anazunguka mtaa, anarudi na mfuko wa mboga, anapita mbele ya mlango wa lifti niliyoipangusa kwa mikono yangu kama vile haioni, kisha anaanza kupanda. Na wapangaji wanatazama. Mshonaji wa ghorofa ya pili aliniuliza mbele za watu, "Fundi, kuna kitu unakijua kuhusu hiyo lifti ambacho umemwambia mama yako peke yake?" Nikacheka naye. Moyoni nilikuwa nachemka.

Pale jengoni wananiita Panda Shuka. Jina hilo nilipewa na watoto miaka kumi iliyopita, nilipoajiriwa, na wakubwa wakalidaka. Nilikuwa nalipenda. Mtu anayeitwa kwa kazi yake ni mtu anayeonekana.

Mama hakuja kutembea. Alikuja kutolewa mtoto wa jicho, na daktari alifanya kazi yake vizuri. Ila mimi nilikuwa na langu. Tangu baba afariki mama anaishi peke yake, nyumba ya vyumba vitatu, maji ya kuteka, kuni za kutafuta, jirani wa karibu mpaka upige kelele ndiyo asikie. Simu yangu ikilia saa isiyo yake, roho inaniruka. Nilitaka abaki kwetu moja kwa moja, nimtunze. Mke wangu alikubali hata kabla sijamaliza sentensi. Nilipomwambia mama mwenyewe, alisema nimpe muda aangalie. Jibu angenipa Jumamosi ya wiki ya tatu, kabla hajakata tiketi ya kurudi.

Dalili hazikuwa nzuri.

"Huku kwenu mtu hatembei," aliniambia siku moja tukila. "Mnabebwa kupanda, mnabebwa kushuka, mnabebwa kwenda kununua chumvi. Mimi nikikaa hapa mwaka mmoja, miguu hii itasahau kazi yake."

"Mama, si ndiyo kupumzika huko?"

"Kupumzika ni baada ya kuchoka, baba. Wewe umechoka na nini?"

Mke wangu aliinama kwenye sahani yake kuficha kicheko. Huyo naye ana maneno yake. Ndiye aliyewahi kuniambia kwamba mimi hata kitanda nakipanda nahema.

Kilichoniudhi ni kwamba mama alikuwa anasema kweli, na ukweli wenyewe hauna dawa. Nifanyeje? Uwanja tuliokuwa tunacheza mpira jioni umezungushiwa ukuta, sasa ni maegesho ya magari. Njia ya waenda kwa miguu ipo, imejengwa vizuri kabisa, na juu yake wameegesha pikipiki, wamepanga viti vya plastiki vya kuuza, na mbele kidogo kuna shimo lisilo na mfuniko ambalo watu wameliwekea tawi la mti kama onyo. Ninahudumia majengo matatu ya mwenye nyumba mmoja. Mwaka juzi niliamua kwenda jengo la pili kwa miguu, dakika ishirini tu. Siku ya kwanza gari lilinimwagia maji ya dimbwi. Siku ya pili kioo cha gari kilinigonga kiwiko, na dereva akanifokea mimi. Siku ya tatu mpangaji mmoja aliniona nimelowa jasho, akapiga simu kwa bosi kwa huruma, akamwambia fundi wako ameharibikiwa na pikipiki. Bosi akaniita. Akataka kujua kwa nini natumia dakika ishirini kwa safari ya dakika tano, na kwa nini nafika kwa wateja nikinuka. Nikarudi kwenye pikipiki. Toka hapo nakaa juu ya pikipiki, nakaa kwenye chumba changu cha kazi, nakaa mezani, nakaa mbele ya televisheni. Mkanda wa suruali nimeutoboa tundu jipya kwa msumari mara mbili, na si upande wa kukaza.

Alhamisi usiku, siku mbili kabla ya jibu, yalinifika shingoni. Mama alikuwa ametoka kupanda kwa mara ya tatu siku hiyo, na mshonaji alikuwa amenirushia tena utani wake.

"Mama, unaniaibisha," nikamwambia. "Watu wananicheka. Mimi nawahakikishia lifti ni salama, halafu mama yangu mwenyewe haipandi. Kama hutaki kukaa kwetu sema, lakini usinivunjie kazi."

Alinitazama kwa lile jicho lake jipya. Sauti yangu ilikuwa imepanda kuliko nilivyokusudia, na nilijuta palepale, lakini neno lilishatoka.

"Sikujua inakuuma hivyo," alisema. "Kesho nitapanda hilo sanduku lako. Lakini wewe lini uliwahi kupanda ngazi za jengo hili?"

Sikukumbuka.

Ijumaa asubuhi mke wangu alienda kazini, na mimi nikashuka kwenye chumba changu cha chini, kile kilicho nyuma ya kibanda cha mlinzi. Saa nne kasoro nilimwona mama akirudi na mfuko wake wa mboga. Alisimama mbele ya lifti, akabonyeza kitufe, akanigeukia kuhakikisha namwona. Mshonaji alikuwepo pia, anasubiri mteja. Nilitamani kumpigia mama makofi. Mlango ukafunguka, akaingia, ukajifunga. Namba zikaanza kuhesabu juu ya mlango: mbili, tatu, nne, tano, sita.

Halafu namba zikazimika. Feni yangu ikasimama. Jengo zima likanyamaza.

"Umeme," alisema mlinzi kutoka kibandani, bila haraka yoyote. "Walitangaza jana. Wanabadilisha nguzo. Mpaka saa kumi jioni."

"Na jenereta?"

"Jenereta unalijua wewe."

Nililijua. Lilikuwa limekufa tangu mwezi uliopita na bosi alikuwa ananiambia nivumilie.

Lifti ikikwama hivyo si janga. Kamba zake ni za chuma, breki inajifunga yenyewe, hewa inaingia. Mtu hutolewa kwa mkono. Unapanda kwenye chumba cha mashine juu ya paa, unachomeka gurudumu dogo la chuma kwenye mhimili wa mota, mkono mmoja unalegeza breki kwa mtaimbo wake, mwingine unazungusha gurudumu, na lifti inasogea taratibu mpaka sakafu ya karibu. Hapo mtu aliye chini anafungua mlango kwa ufunguo wa pembe tatu. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi, katika jengo lile lingine lenye ghorofa nne.

Nilimpa mlinzi ufunguo wa pembe tatu, nikamwambia apande mpaka ghorofa ya saba anisubiri mlangoni. Nikafunga chumba changu, nikaning'iniza funguo kiunoni, nikaanza kupanda. Nilianza kwa kukimbia, kwa sababu mshonaji alikuwa ananitazama.

Mbio ziliishia ghorofa ya kwanza.

Ghorofa ya pili nilikuwa natembea. Ya tatu nilishika reli ya ngazi. Ya nne nilisimama, nikajifanya nakagua taa ya ukutani, ambayo haikuwa na umeme wa kukaguliwa. Mapaja yalikuwa yanawaka moto. Moyo ulikuwa unapiga kwata, na jasho lilikuwa linanitiririka mpaka ndani ya masikio. Mwanamke mmoja aliyekuwa anashuka na mtoto mgongoni na ndoo mkononi alinipisha kwa upole, kama unavyompisha mzee.

Nilikasirika. Nilikasirikia ngazi, bosi, waliojenga ukuta kwenye uwanja, na yule dereva wa kioo. Nilipofika ghorofa ya sita hakukuwa na mtu wa nje aliyebaki wa kumkasirikia, nikabaki mimi na tumbo langu. Nina miaka arobaini na sita. Mama ana sabini na moja na alikuwa anapanda hapa mara tatu kwa siku, akiwa na mboga mkononi.

Ghorofa ya saba niliegemea mlango wa lifti. Nilijua yuko hapo chini kidogo, kati ya sita na saba. Nilitaka kumwita lakini pumzi haikunipa nafasi.

"Nani huyo?" sauti ya mama ikatoka ndani, ndogo lakini imetulia. "Nani anahema hivyo? Wewe uliye hapo, unaumwa?"

"Ni mimi, mama."

Mfuko wa mboga ukatua sakafuni.

"Kaa chini kwanza," alisema hatimaye.

"Mama, nakuja kukutoa. Usiogope."

"Siogopi. Humu kuna giza tu na mchicha. Kaa chini upumue, baba. Mimi nipo, siendi popote."

Nilikaa, kweli. Nilikaa kwenye ngazi kama dakika tano, mtu aliyefungiwa akimsubiri mtu aliyekuja kumfungua apate nafuu. Kisha nikajikaza, nikapanda ya nane, nikapita mlango wa nyumba yangu ghorofa ya tisa bila kuutazama, ya kumi, ya kumi na moja, na zile ngazi za chuma za kutokea kwenye paa. Nilifungua chumba cha mashine. Nikazima swichi kuu, kama inavyotakiwa. Nikanyoosha mkono ukutani kuchukua gurudumu na mtaimbo.

Kulabu mbili zilikuwa tupu.

Nilizitazama muda mrefu, nikijua kabisa ni nani aliyevitoa. Miezi saba iliyopita mkaguzi alisema gurudumu na mtaimbo vipakwe rangi nyekundu ili vionekane. Kazi ya nusu saa. Badala ya kuvipaka hapohapo nikiwa nimechuchumaa, nilivishusha kwa lifti mpaka chumbani kwangu, nikavipaka nimekaa kwenye kiti, redio iko kando. Rangi ilikauka jioni ileile. Nikasema nitavipandisha kesho. Gurudumu nikalitundika msumarini, na juu yake nikatundika koti la mvua. Mtaimbo nikauweka chini uzuie mlango usijifunge kwa upepo. Kila siku kwa miezi saba nimeuruka huo mtaimbo nikiingia ofisini. Kosa hilo asingelifanya mtu ambaye ngazi ni kitu cha kawaida kwake.

Na chumba nilikifunga mwenyewe, funguo ziko kiunoni.

Nililia. Sitaficha. Si kwa sauti, lakini nililia kama mtoto aliyerudishwa shuleni kufuata daftari, kisha nikafuta uso kwa shati na kuanza kushuka.

Watu husema kushuka ni rahisi. Wajaribu na magoti yangu. Ghorofa ya saba nilinyata ili mama asinisikie.

"Umeshafika juu?" akauliza.

"Nimefika. Nimesahau kitu, nakifuata."

"Kitu gani?"

"Cha kukutolea."

Nilisikia tu mfuko wa mboga ukichakarika, nadhani alikuwa anakaa chini.

Ghorofa ya nne nilimkuta mlinzi. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, goti moja amelinyoosha mbele, kofia anaitumia kama feni.

"Wewe bado uko hapa?"

"Na wewe mbona unashuka?" akanijibu. "Panda Shuka, mimi nakaa kwenye kiti saa kumi na mbili kwa siku. Hili goti linajua kiti tu. Nipe muda."

Chini niliufungua mlango wangu, nikaupiga teke ule mtaimbo kwa hasira, nikaumia kidole. Gurudumu lina uzito wa kama kilo nane, mtaimbo kilo tano. Nilivibeba begani na nikaanza upya. Safari hii sikukimbia na sikujali nani ananitazama. Kila ghorofa nilikaa. Ya tatu mpangaji mmoja alitaka kunisaidia kubeba, nikamwambia hapana, nikaenda hatua mbili, nikamwambia ndiyo, naye akanibebea mpaka ya tano anapoishi, akanirudishia huku akisema pole kwa namna ambayo sikuipenda. Mlinzi nilimpita ya sita. Nilipofika ya saba mama hakusubiri niseme.

"Kaa," akaniambia kutoka ndani. Nikakaa.

"Baba yako," alisema, "alikuwa akirudi shamba namjua kwa hatua zake. Wewe leo nakujua kwa pumzi. Nilizaa mtoto anapanda mti wa jirani kabla jirani hajafunga mlango."

"Mji mama. Mji ndio umenifanya hivi."

"Mji haukuning'iniza mimi humu," alisema. "Haya, panda. Taratibu."

Nilifika juu. Nilichomeka gurudumu, nikapiga simu kwa mlinzi, akasema yuko mlangoni, na nikamsikia naye anahema. Nikalegeza breki kwa mtaimbo. Lifti ikiwa na mtu mmoja mwepesi, ule uzito wa chuma unaoning'inia upande wa pili wa kamba unaivuta juu, kwa hiyo kazi ya kuzungusha ilikuwa ndogo, gurudumu lilitaka kwenda lenyewe na mimi nikawa nalizuia tu. Kamba zikasogea, alama ya rangi kwenye kamba ikafika usawa wa ghorofa ya saba. Nikafunga breki.

"Ametoka," mlinzi akasema kwenye simu. "Mzima kabisa. Ananiuliza mimi kama niko mzima."

Saa yangu ilisema saa tano na robo. Kazi ya dakika kumi ilinichukua saa nzima na nusu. Nilitaka kusimama nishuke nimwombe radhi, lakini miguu ilikataa. Iliniacha hapohapo sakafuni, karibu na mota, kwenye vumbi na madoa ya grisi. Nikasema moyoni basi tena, kesho ndiyo Jumamosi, na jibu nimeshampa mimi mwenyewe kabla hajanipa yeye.

Nikasikia hatua. Hazikuwa za haraka wala za kuvuta. Zilipanda ngazi za chuma moja baada ya nyingine, kwa mpigo uleule, mpaka mlangoni. Mama aliingia na mfuko wake wa mchicha, akauweka chini, akanitazama. Hakuwa anahema.

Aliinama, akanifuta uso kwa ncha ya mtandio wake, akaweka kiganja kifuani kwangu na kukiacha hapo muda, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa na homa.

"Unapiga hivi kila siku?" akauliza.

"Sijui. Huwa sipandi."

Aliitazama mota, kamba, kulabu mbili za ukutani. "Hili gurudumu linakaa wapi?"

"Hapo."

Alilichomoa kwa mikono miwili, akalinyanyua, akalitundika. Akatundika na mtaimbo. Kisha akakaa karibu yangu sakafuni, na nguo yake nzuri.

"Mama, nisamehe. Nilikulazimisha."

"Nilikuwa nimeshaamua kurudi," alisema. "Nilikuwa nakusubiri Jumamosi nikuambie kwa upole. Nilijiambia, mwanangu ana mke mzuri, ana kazi, huku hakuna wa kunihitaji, nitakuwa nakaa tu kwenye kochi nikiwazeekea."

Nikajivuta, nikaegemea ukuta.

"Sasa nitakaa."

Kwa dakika moja nilifurahi. Ndilo jambo nililokuwa nikiliomba mwaka mzima, na nilikuwa nalipewa. Nikafungua mdomo kumwambia jinsi tutakavyomtunza, chumba tutakachompa, daktari wa macho alivyo karibu.

"Usinipangie chumba," akanikatiza. "Sikai kwa ajili yangu. Nimemzika mume mmoja, mtoto simziki. Mtu hawezi kuwa na mgonjwa hali hii akarudi kwake kuangalia kuku."

Nilitaka kusema kwamba mimi si mgonjwa. Nilitafuta pumzi ya kulisemea, sikuipata.

Akasimama, akachukua mfuko wake kwa mkono mmoja, akaninyooshea mwingine. Nilisimama kwa kumwegemea. Tulipofika ghorofa ya kumi taa za ukutani zikawaka kabla ya saa waliyotangaza. Kwa mazoea nikageuka kurudi juu kuiwasha swichi kuu, watu wapate lifti yao.

"Iache," mama akasema. "Utairudia jioni, kwa miguu. Nitakuja na wewe."

Tulishuka mpaka mlangoni kwetu, mimi nimeshika reli kwa mkono mmoja, yeye ameushika mwingine. Mshonaji alikuwa amepanda kuuliza kulikoni, akatukuta pale. Alimwangalia mama, akaniangalia mimi, akatupisha. Siku hiyo hakunitania, na hilo ndilo lililoniuma kuliko utani wake wote.